Kijito cha Rangi ya Kucha

Kwanza tuelewane: ule muziki haukuwa umeharibika. Nimelisema hilo Majengo nzima mpaka mate yamenikauka, na bado kuna watu wakipita dukani kwangu wanauliza kama redio imeshikwa na kwikwi. Kwikwi mnayo ninyi, mliozoea kuhesabiwa mpaka nne mkaridhika. Mtu akikuhesabia nne, nne, nne, mguu unajua pa kwenda hata ukiwa usingizini. Sasa akuhesabie saba, halafu saba tena, gitaa moja liwahi na jingine lichelewe makusudi, ngoma iingie pale ambapo hukuitegemea kabisa, halafu wote wakutane mlangoni kwa pamoja kama ndugu waliotoka njia tofauti. Mimi hapo moyo huniruka. Mpaka leo, na mvi hizi.

Siku hizi nauita kwa jina lake, roki ya hesabu, kwa sababu nimejifunza. Zamani tuliuita muziki wa koti, na Ufipa nzima tulikuwa wapenzi wake wawili tu, mimi na Shigela.

Enzi zile za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Aliyekuwa mwalimu alifungua genge, aliyekuwa karani alikwenda Tunduma akarudi na betri na sabuni. Mimi Kasmir, mtoto wa mkulima wa ulezi wa Kaengesa, nikapata redio ya kaseti mbili na kibanda Majengo, nikaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: TUNAREKODI KANDA. Ukileta kanda tupu nakujazia unachotaka, dansi, kwaya, za Wakongo. Ukileta yenye kitu usichokitaka, nafuta, najaza kingine. Baba alisema hiyo ni kazi ya mtu aliyeshindwa jembe, na mimi nikamjibu kimoyomoyo kwamba jembe nalo lilikuwa limenishinda kweli.

Marobota ya mitumba nayo yalikuwa yameanza kumwagika. Huku kwetu baridi ya mwezi wa sita haina masihara, kwa hiyo makoti mazito ambayo watu wa Dar es Salaam wangedekia sakafu, sisi tuliyagombea. Shigela alinunua lake sokoni siku aliyoleta dume la baba yake mnadani. Wao walikuwa Wasukuma, walishuka na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakakaa ng'ambo ya Mpui. Koti lenyewe lilikuwa la kijani, lina manyoya shingoni, limemfika magotini. Katika mfuko wa ndani akakuta kanda. Haikuwa na jina, ila maandishi ya kalamu yaliyokwisha kufutika kwa jasho la mwenye koti, huko alikokuwa.

Akaniletea nifute nimwekee nyimbo za ngoma za kwao. Sasa, kazi ya kufuta ina adabu yake: hufuti usichokisikia. Watu huleta kanda hawajui kama ina sauti ya marehemu, wewe ukafuta, ukabaki na laana ya watu. Kwa hiyo niliiweka, nikabonyeza, tukasikiliza.

Hakuna aliyeimba. Magitaa mawili yalianza kukatana, ngoma ikaanguka katikati yao kama sufuria zilizodondoka kabatini. Nikajua mashine imekorofisha. Nikafungua, nikasafisha kichwa chake cha kusomea kwa spiriti, nikakagua mkanda wa mota, nikarudisha. Vilevile. Nikanyoosha kidole nifute, na huyu Msukuma ambaye nilikuwa sijamjua hata nusu saa akanishika mkono.

"Subiri," alisema. "Wanarudi hao."

Na kweli wakarudi. Kila walipotawanyika, Shigela alikuwa anagonga meza yangu kwa vidole, na alipofika saba, wote walikuwa pale wamekutana. Akaniambia kwao ng'ombe huvaa kengele, kila mmoja na yake, kila mmoja na mwendo wake, na mchungaji huzisikia zote kwa pamoja akajua kundi limetimia. Alisema hawa jamaa wamekaa na ng'ombe. Nilimcheka. Lakini jioni ile, nikiwa peke yangu, nilijikuta nagonga ukuta kwa saba.

Kanda haikufutwa. Shigela akawa anakuja kila siku ya mnada, baadaye akawa anakuja hata siku zisizo na mnada, na nyumbani kwao walidhani amepata mchumba Majengo. Tulisikiliza upande wa kwanza, tukageuza, tukasikiliza wa pili, tukarudia. Wateja walilalamika. Mmoja aliniambia nikapimwe. Tulikuwa tunaanikia betri juani zipate nguvu, na zikianza kuchoka tulizitoa haraka, maana sisi hatukutaka muziki wetu usinzie. Nani walipiga, wa nchi gani, hatukujua. Tuliwaita Wale wa Koti. Shigela aliamini ni Wazungu wawili na mpiga ngoma mmoja mwenye hasira. Mimi niliamini mpiga ngoma ndiye mpole kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa anawasubiri wenzake. Tuligombania hilo kama watu wanaogombania mpaka wa shamba.

Na utani je? Kwake yeye nilikuwa Mfipa wa ungo, mchawi msafiri wa angani, mtu asiyehitaji nauli. Kwangu mimi alikuwa mla ugali wa kulisha kijiji, ambaye hata akihesabu saba anahesabu ng'ombe. Mtu mwingine akituita hivyo tungemng'oa meno. Sisi tulicheka mpaka tukashikilia mbavu.

Siku moja mashine ikaila kanda. Nasikia sauti inavyozama mpaka leo. Nilifungua, nikaivuta taratibu, na kipande kidogo kilikuwa kimekunjamana vibaya, hakisomeki tena. Shigela alikaa kwenye benchi akaficha uso ndani ya koti lake. Nikafanya tulichokuwa tunafanya sisi mafundi wa kanda: nikakata kile kipande, hakikuzidi urefu wa ukucha, nikalaza ncha kwa ncha, nikaunganisha kwa rangi ya kucha. Rangi yenyewe ilikuwa ya dada yangu Monika, aliyekuwa akijiandaa kuolewa, na aliitafuta wiki nzima akimshuku shangazi.

Kanda ikapona. Ila pale penye kiungo wimbo ukawa unaruka. Unakwenda saba, saba, saba, halafu ghafla tano, kisha saba zinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara ya kwanza tulijikwaa. Mara ya pili tukajiandaa. Baadaye tukawa tunapangojea pale kuliko mahali pengine popote, tunatazamana, tunainua mabega, tunaruka pamoja. Shigela akapaita Kijito, kwa sababu ukifika kwenye kijito hubadili safari, unakusanya nguo unaruka, unaendelea. Mimi sijasikia jina zuri kuliko hilo.

Tukajifunza kuupiga. Mimi niliazima gitaa la kwaya ya parokia, Shigela akatengeneza lake kwa galoni la mafuta na nyaya za breki za baiskeli, na lilikuwa na sauti kali, lakini lilihesabu. Tulipiga mbele ya watu mara moja tu maishani, kwenye harusi ya huyohuyo Monika. Nilimsihi mshereheshaji atupe nafasi wakati wa kutunza. Akina shangazi wakaja kwa mstari na vitenge na masufuria yao kichwani, wanacheza kwa madaha, na kwa muda saba ziliwabeba vizuri tu, Wafipa si watu wa kushindwa. Halafu tukafika Kijito. Shangazi Bertilla alikuwa mbele. Mguu wake ulitafuta ardhi pale ilipotakiwa kuwepo, haukuiona, akamwangukia mshereheshaji, na mstari wote ukafuata na masufuria. Kipaza sauti kilizimwa. Baba hakunisemesha mpaka mavuno. Monika mwenyewe alicheka mpaka wanja ukamchuruzika, na hadi leo anasema ndicho kitu pekee anachokikumbuka vizuri siku ile.

Ndiyo ilikuwa raha yetu. Haikudumu. Malisho yakawa ya ugomvi, wakulima na wafugaji wakaanza kupelekana kwa mwenyekiti, na baba yake Shigela akaamua kuhama na ng'ombe wote kuelekea Kilombero, mahali ambako hatukumjua mtu. Shigela alikuja kuniaga na koti lake, jua kali vile. Nikarekodi nakala ya kanda. Nikamwambia achukue yeye ile ya asili, kwa kuwa koti lilikuwa lake, mimi nibaki na nakala. Kijito kilikuwa kwenye zote mbili.

"Utakuja kunitembelea," alisema. "Nyie si mna ungo, nauli ya nini."

Nilimtukana, akanitukana, akapanda lori. Nilidhani kiangazi kijacho tutaonana.

Hatukuonana. Simu hazikuwepo, na barua utaiandikia mto gani, malisho gani? Nilimtumia salamu redioni mara nyingi nisizozikumbuka idadi, zimfikie Shigela popote alipo, ujumbe: ng'ombe wametimia? Nilipovuka mpaka kwenda Nakonde kununua bidhaa niliwauliza madereva wa malori. Nikiona koti la kijani mnadani nilizunguka nimwone mwenye koti usoni. Halmashauri ikavunja vibanda vya mtaa wetu, nikahamia karibu na stendi, na nilivyokuwa nahamisha mashine zangu nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba akija hatanikuta. Nilimkumbuka mpaka nikaanza kumkasirikia. Mtu gani anakufundisha kuhesabu, halafu anakwenda zake?

Miaka ikapita, kanda zikafa, sahani za CD zikaja, nikanunua kompyuta ya kurekodia. Binti mmoja, Luciana, akafungua chumba cha intaneti mjini, kompyuta chache zilizofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono kama makochi. Nilikwenda pale nikamweleza ninachotafuta: muziki usioimba, unaohesabu saba. Akaniangalia kama wale wateja wangu wa zamani, lakini alikuwa binti mwenye subira. Tulitafuta siku moja, tukatafuta nyingine, na siku ya mnada mlango ukafunguka.

Jamani, walikuwepo! Walikuwa wengi! Bendi za zamani za Marekani zilizopigia kwenye magereji, bendi mpya za Wajapani wanaopiga kumi na moja huku wanatabasamu, mabinti wanaogonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili kana kwamba wanapukuchua mahindi. Na kulikuwa na watu, mashabiki, wanaobishana usiku na mchana kama wimbo huu ni saba au ni tatu na nne. Miaka yote hiyo nimeitwa kichaa, kumbe kuna nchi nzima ya vichaa wenzangu. Nilikuwa nafunga duka mapema. Nilijaza sahani nikawapa watu bure, wakazirudisha bure. Na kila nilipopata bendi mpya, nilipokuwa naisikia ikitawanyika na kurudi, mkono wangu ulikuwa ukigonga meza kumwonyesha mtu ambaye hayupo. Mashine ile ilinipa bendi zote, za kale na za sasa. Nilichokitaka hasa haikuwa nacho.

Halafu siku moja nikawapata Wale wa Koti. Shabiki mmoja wa mbali alikuwa ameuweka wimbo wao. Nilijua kwa gitaa la kwanza tu, nikamwambia Luciana nyamaza, ingawa hakuwa amesema kitu. Saba, saba, saba. Nikakusanya nguo zangu. Nikainua mabega. Nikaruka, na mguu ukakanyaga ardhi ngumu. Saba.

Wameukosea! Nilisimama nikagombana na kompyuta ya watu. Nilisema hawa wamerekodi upya, wameuharibu, wameuondoa ule mruko ambao ndio roho ya wimbo. Tukarudisha, tukasikiliza tena, saba ikapita pale kavukavu. Luciana alisubiri nimalize kufoka, kisha akaniuliza kwa upole kama kanda yangu haikuwahi kukatika.

Nikasikia harufu ya rangi ya kucha, pale pale, kama vile Monika amefungua kichupa. Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote nilikuwa nasikiliza nakala, isiyo na kiungo cha kuonekana kwa macho, na Kijito nilikiamini kuliko nilivyoamini katekisimu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikacheka, halafu nikalia mbele za watu wazima wanaonifahamu. Kati ya wote waliowahi kuusikia wimbo ule duniani, tuliowahi kuvuka hapo ni wawili. Na kama mwenzangu amekufa, basi nimebaki mimi peke yangu.

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu, na sikulipenda.

Kisha ikaja jubilei ya parokia Kaengesa. Nilikwenda kwa sababu Monika alinilazimisha, na kwa sababu nilikuwa nimekodiwa kufunga vipaza sauti. Kulikuwa na kwaya za wageni, na mojawapo ilitoka Mlimba, huko Kilombero. Walipanda treni mpaka Tunduma, wakamalizia kwa basi, na vumbi lilikuwa bado nyusini mwao. Niliposikia neno Kilombero nilishtuka kidogo, lakini Kilombero ni kubwa, na nilikuwa nimeshachoka kushtuka. Nikashika nyaya zangu.

Gitaa likaanza. Mpigaji alikuwa mwanamke kijana, amevaa kitenge cha sare. Wimbo ulikuwa wa kumshukuru Mungu kwa mavuno, maneno ya kawaida kabisa, lakini sikusikia maneno. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kugonga spika. Saba, nikasema moyoni, haiwezekani. Saba. Saba. Na kwaya nzima, akina mama wazima na vibwebwe vyao, wakashika vitenge kidogo kwa mkono, wakainua mabega, wakaruka.

Tano.

Wakatua, wakaendelea kuimba. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeketi chini, na Monika akadhani umeme umenirusha.

Walipomaliza nilimfuata yule mpigaji nyuma ya kanisa, alipokuwa anakunywa maji. Jina lake Debora. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia kwa shida, nikamuuliza nani aliwafundisha kuruka pale.

"Mwalimu wetu," alisema. "Padri alimwomba apanyooshe, alikataa. Alisema hapo pana kijito."

Sikuwa nimemtajia neno hilo. Akanieleza bila mimi kuuliza, maana nadhani uso wangu uliuliza: mwalimu ana mguu uliovunjika ukaungana vibaya, safari ndefu haziwezi. Zamani, kabla ya mguu, aliwahi kuja Majengo kumtafuta mtu, akakuta vibanda vimevunjwa, na mpita njia akamwambia yule fundi wa kanda alihamia Zambia, hajulikani alipo. Akarudi, akatunga wimbo wa mavuno, akauweka mruko ule ndani. Kila kwaya ilipokwenda ziara aliwaambia wapige huo kwanza. Wamekwenda nao Iringa, Songea, Mbeya, na kote watu walisifu sauti tu. Aliwaambia yupo mtu mmoja atakayeuliza kuhusu mruko, na atakuwa mtu wa maneno mengi.

Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika Kaengesa, ila mtandao ulishika ukisimama chini ya mnara wa kengele. Debora alitafuta jina, akabonyeza, akanipa simu, akarudi nyuma hatua chache kunipisha. Iliita. Ikapokelewa. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anasema haloo, sauti nzito kuliko ninavyoikumbuka.

Nilikuwa na maneno ya miaka yote, hata moja halikutoka. Kwa hiyo nikafanya nilichoweza: nikagonga simu kwa ukucha. Saba. Saba. Saba. Nikangoja.

Upande wa pili kuku wakafukuzwa. Halafu, polepole, kwenye kitu cha bati, nikasikia mtu anagonga. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Nikalia. Nilimsikia naye anavuta pumzi, anajikohoza, anatafuta sauti.

"Mfipa," alisema Shigela. "Miaka yote hii ungo ulikuwa gereji?"